Fundi Aliyepima Magoti

Katika mtaa ule, ungemuulizia fundi cherehani kwa jina lake la kuzaliwa, watu wangekukodolea macho tu. Ungesema Nusu Inchi, hata mtoto mdogo angekushika mkono akupeleke. Jina hilo alilipata kutokana na kazi yake. Kila nguo aliyoishona aliiachia nusu inchi ya ziada ndani ya pindo.

"Binadamu hunenepa," alikuwa akisema. "Na asiponenepa yeye, kitambaa kitasinyaa."

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana upande wa barabara. Ndani mlikuwa na meza ya kukatia, cherehani ya kukanyaga, pasi, na ukuta mzima wa karatasi za kukatia zilizoning'inia kwenye misumari. Karatasi moja ilikuwa ya mgongo wa shati, nyingine ya mkono, nyingine ya mguu wa suruali. Fundi huweka karatasi juu ya kitambaa, huizungushia chaki, kisha hukata. Nusu Inchi alizitunza karatasi zake kuliko alivyotunza viatu vyake.

Mkewe alifanya kazi humohumo. Alishona vifungo, alipiga pasi, na alimjibu mumewe kila neno. Wateja wengine walileta nguo zisizo na tatizo lolote, mradi tu wakae wawasikilize wawili hao wakitaniana.

Mwaka mmoja uvimbe ulitokea juu kidogo ya goti la kulia la Nusu Inchi. Mwanzoni ulikuwa mdogo kama kifungo cha koti. Baada ya miezi michache ukawa kama ndimu, kisha ukapita ndimu. Haukuuma, basi akauacha.

"Ni hii cherehani," alimwambia mkewe. "Miaka thelathini mguu huu unakanyaga. Hata wewe ungevimba."

"Na wa kushoto je? Si unakanyaga pia?"

"Wa kushoto mvivu. Unamsindikiza mwenzake tu."

Alijaribu kuukanda kwa kitambaa kilichopashwa moto kwa pasi. Uvimbe haukujali, ukaendelea kukua. Siku moja suruali yake mwenyewe, pamoja na nusu inchi yake ya akiba, ilikataa kupita gotini. Mkewe alifunga dirisha la duka mchana kweupe.

"Leo hatushoni," alisema. "Leo tunakwenda hospitali."

Wakaenda. Zahanati iliwatuma hospitali kubwa. Huko alipigwa picha za mguu na kifua. Kisha daktari aliupiga mguu ganzi, akaingiza sindano nene kwenye uvimbe, akatoa vipande vidogo vya nyama vipelekwe maabara. Aliambiwa arudi baada ya wiki tatu.

Siku ya majibu ilikuwa pia siku ya kukabidhi sare za shule. Mke alibaki dukani, na Nusu Inchi alikwenda peke yake. Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole. Alivuta kiti karibu.

"Mzee wangu, nitakwambia bila kuzunguka. Hii ni saratani. Inaitwa sarkoma. Huota kwenye nyama laini za mwili, kama misuli, mafuta na kano. Nyingine huota kwenye mifupa. Yako bado iko mahali pamoja, haijasambaa. Tutaipiga mionzi kwanza, kisha tutaikata. Tukianza sasa, mguu wako tunautegemea ubaki."

Nusu Inchi aliitikia kwa kichwa. Mpaka hapo alikuwa bado anasikia.

"Maabara wameona kosa kwenye jeni za uvimbe," daktari aliendelea. "Hilo ndilo limetuhakikishia jina la ugonjwa."

Hapo masikio yakaziba. Daktari aliendelea kueleza, lakini mzee hakushika neno lingine lolote. Jeni! Neno hilo alilijua. Binti yake alipokuwa shuleni alilikariri kwa sauti nyumba nzima: jeni hutoka kwa baba na mama, huenda kwa watoto. Sasa binti huyo alikuwa na mimba ya miezi mitano, mimba yake ya kwanza.

Nimempa binti yangu, aliwaza Nusu Inchi. Na binti yangu amempa mtoto wake. Aliinuka, akapokea barua na kadi ya siku ya kurudi, akashukuru, akatoka. Hakuuliza swali hata moja. Mtu ambaye huuliza mteja maswali kumi kuhusu mfuko wa shati alishindwa kuuliza moja kuhusu mguu wake.

Nyumbani alisema, "Ni uvimbe. Nitarudi wiki ijayo." Wiki ijayo ilipofika, alivaa shati safi, akaaga, akaenda kukaa kwa kinyozi hadi saa saba mchana. Angeanzaje kutibiwa mguu, alijiuliza, na watoto wake hajui kama wako salama? Tena akilazwa, kila mtu atajua ana nini, na binti yake atazaa kwa hofu.

Kisha akapata wazo ambalo ni fundi cherehani tu angelipata. Alitangaza kwamba anashonea ukoo mzima nguo mpya.

Wa kwanza kuja alikuwa kitindamimba wake, fundi bomba, mtu mzima na ndevu zake. Nusu Inchi alimpima kifua haraka haraka, kisha akapiga magoti, akazungusha futi yake ya kupimia juu ya goti la kulia. Akaandika. Akazungusha juu ya goti la kushoto. Akaandika tena.

"Baba, unanishonea shati au soksi?"

"Simama wima. Usikunje."

"Shati gani lina magoti?"

"Mishono mipya hiyo," alijibu baba. "Wewe jua mabomba yako."

Dada mkubwa wa Nusu Inchi alifuata siku ya pili. Aliomba gauni refu, naye akapimwa magoti mara tatu, maana moja lilizidi jingine kwa robo inchi.

"Hili goti limevimba?" Nusu Inchi aliuliza, jasho likimtoka.

"Limezeeka," alijibu dada. "Niachie mguu wangu."

Basi mkewe akawa anaangalia yote hayo huku anashona vifungo. Siku ya kwanza alicheka. Siku ya pili alinyamaza, na mama yule akinyamaza ujue kuna jambo. Siku ya tatu alipigilia sindano kwenye kifuko chake cha pamba.

"Mimi je?"

"Wewe nini?"

"Mwanao kapimwa. Dada yako kapimwa. Leo anakuja binti. Mimi niliyekuvumilia miaka hii yote sina hata kitambaa cha kichwa?"

"Wewe... vipimo vyako ninavyo kichwani."

"Vya magoti?"

Nusu Inchi alijifanya anatafuta chaki. Kwa bahati, au kwa bahati mbaya, binti yao aliingia wakati huohuo, tumbo mbele, anapepea uso kwa mkono. Alikuwa fundi cherehani kama baba yake, mwenye duka lake mtaa wa pili.

"Nimekuja kupimwa," alisema. "Ila baba, kiuno usinipime. Sina."

Nusu Inchi alipokuwa amepiga magoti mbele ya binti yake, hodi ikasikika. Alikuwa jirani yao waliyemwita Mama Maabara. Alifanya kazi katika maabara ya hospitali kubwa, na makoti yake meupe yalishonwa hapo.

"Shikamoo fundi. Nimefuata koti."

"Marahaba. Kaa, kaa." Hakuinua kichwa. Alisoma futi mara ya pili. Goti la binti yake lilikuwa limevimba. Na la pili pia.

"Baba?" binti aliuliza. "Mbona unalia?"

Hapo mke akaweka nguo chini. "Ameupima mguu wa kila mwenye damu yake," alisema polepole. "Mimi peke yangu ndiye kaniruka, maana mimi si damu yake. Baba watoto, hospitali walikwambia nini?"

Nusu Inchi alikaa sakafuni palepale. Alitoa barua ya daktari mfukoni. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi hadi imekuwa laini kama kitambaa. Alimpa Mama Maabara.

"Soma wewe. Wasomee wote. Mimi nimechoka kuibeba."

Mama Maabara hakuifungua mara moja. "Fundi, majibu ya mgonjwa ni siri yake. Una hakika?"

"Nina hakika."

Aliisoma. Mke alishika mdomo. Binti alikaa kwenye benchi la wateja, akamshika baba yake bega.

"Nimewaambukiza," alisema Nusu Inchi. "Ni ya jeni. Nimempa yeye, na yeye amempa mtoto. Ona magoti yake!"

Mama Maabara aliinama akamtazama binti miguu, akabonyeza kidogo. "Una mimba ya miezi mitano, joto kali, na umetembea. Miguu yote miwili imejaa maji kidogo. Waoneshe kliniki kesho wakupime na shinikizo la damu, lakini huu si uvimbe kama wa baba." Kisha akamgeukia fundi. "Haya. Jeni ni nini?"

"Vitu vya kurithi."

"Umejibu nusu. Mwili umejengwa kwa seli, ndogo mno, hazionekani kwa macho. Ndani ya kila seli mna jeni. Jeni ni maagizo ya kazi: kua, acha kukua, jigawe, pumzika. Ni kweli maagizo hayo tunayapata kwa wazazi. Lakini seli ikijigawa, maagizo hunakiliwa upya, na anayenakili hukosea. Makosa mengi mwili huyasahihisha. Machache hubaki. Nikuulize wewe fundi, hujawahi kuharibu nguo kwa sababu ya karatasi yenye kosa?"

Mke alicheka, machozi bado yakimtoka. "Muulize suruali kumi na nane!"

"Mambo ya zamani hayo," alinung'unika Nusu Inchi.

"Karatasi zake mbili zilichanika," mke alieleza. "Akaziunga kwa selotepu. Akaunga kiuno cha mzee na miguu ya mtoto wa darasa la kwanza. Halafu akakata suruali kumi na nane bila kuinua kichwa!"

Hata binti alicheka. Mama Maabara aligonga meza kwa furaha.

"Ndiyo hiyohiyo! Katika aina ya sarkoma uliyo nayo, vipande viwili vya maagizo hukatika, kisha huungana visivyo. Linatokea agizo jipya lisilokuwapo: kua, kua, usipumzike. Seli inalitii, na kila seli inayotoka kwake inalitii. Sasa niambie. Ulipokuwa na ile karatasi mbovu, karatasi zako nyingine ukutani ziliharibika?"

"Hapana. Zilikuwa nzima."

"Na binti yako alipofungua duka lake, alichukua karatasi zipi?"

Binti ndiye aliyejibu. "Nilinakili zangu kutoka kwa baba muda mrefu kabla ya hizo suruali."

"Basi umesikia. Kosa la mguu wako limetokea ndani ya seli ya mguu wako, ukiwa mtu mzima. Binti yako alishazaliwa zamani. Alinakili kwako, lakini hakunakili kutoka gotini!"

Nusu Inchi alimtazama, kisha akamtazama binti yake, kisha tumbo. "Kwa hiyo mtoto..."

"Kosa hili haliendi kwa mtoto. Haliambukizi kwa kugusana, wala kwa kula pamoja, wala kwa kulala kitanda kimoja."

"Na cherehani?"

"Cherehani haina hatia. Hata mtu akijigonga, mara nyingi pigo humfanya autazame tu mguu, ndipo anauona uvimbe uliokuwapo tayari. Na usitafute nani kakufanyia. Hakuna. Mara nyingi hata sisi hatujui kwa nini kosa lilitokea. Ila kuukanda kwa moto ulikosea. Uvimbe usiojulikana haukandwi, wala hautumbuliwi."

"Nisamehe, nilidhani..."

"Liombe msamaha goti lako." Kisha akawa makini. "Sikufichi jambo. Zipo koo chache ambazo watu huzaliwa na kosa la jeni linaloleta saratani. Huko utaona ndugu kadhaa wameugua saratani, tena wengi wakiwa bado vijana. Daktari atakuuliza habari za wazazi, ndugu na watoto. Akiona dalili hiyo, damu itapimwa na mtaeleweshwa la kufanya. Hilo hupimwa kwa damu, fundi. Halipimwi kwa futi."

Kicheko kilijaa duka. Nusu Inchi alicheka kuliko wote, na katikati ya kicheko akajikuta analia, na safari hii hakujificha.

"Baba," binti alisema, "wiki zote hizi ulikuwa na hili peke yako?"

"Nilitaka uzae kwa amani."

"Nitazaa kwa amani ukiwa na miguu miwili. Siku ya kurudi hospitali ni lini?"

Nusu Inchi alijikuna shingo. "Ilipita. Siku kumi na moja sasa. Nilikwenda kwa kinyozi."

Mkewe alikuwa ameshaanza kufunga dirisha.

Daktari hakuwagombeza. Aliwakaribisha wote wanne, maana dada wa mzee pia alifuata, maswali yake ameyaandika kwenye karatasi. Daktari aliuliza habari za ukoo, kizazi hadi kizazi. Dada alikumbuka kila mtu, nani aliugua nini na kwa umri gani, hadi mjomba aliyevunjika meno kwa kupigwa na mlango. Hapakuwa na dalili ya saratani ya kurithi.

"Kwa nini basi mnapima jeni za uvimbe?" aliuliza mke.

"Kwa sababu vimbe nyingi hufanana kwa macho," daktari alisema. "Nyingi ni mafuta tu, hazidhuru. Kosa la jeni hutusaidia kujua hii ni ipi hasa, na itibiwe vipi. Na kwa baadhi ya saratani za aina hii kuna dawa zinazolenga kosa lenyewe. Yako inahitaji mionzi na upasuaji."

Nusu Inchi alipigwa mionzi wiki tano. Ngozi ya mguu iliiva, uchovu ulimkalia, na alilalamika juu ya chakula, juu ya viti, na zaidi juu ya mishono ya mapazia ya wodi. Wiki chache baadaye alipasuliwa. Madaktari waliukata uvimbe pamoja na ukingo wa nyama nzima kuuzunguka. Alipozinduka, kitu cha kwanza alichofanya ni kupapasa shuka.

"Upo," alisema mkewe. "Nimeuhesabu mara mbili."

Maabara ilipima kingo za nyama iliyotolewa, zikaonekana hazina saratani. Aliambiwa atapigwa picha za mguu na kifua kila baada ya miezi michache, kwa miaka kadhaa, maana ugonjwa huu huweza kurudi. Safari hii aliuliza maswali kumi na manne. Daktari aliyajibu yote.

Alirudi dukani na magongo mawili. Mtu wa mazoezi ya viungo alimfundisha kukunja goti kidogo kidogo. Wateja walikuja kumpa pole, naye aliwapokea kwa hotuba.

Mmoja wao alikuwa mwashi. Alipopimwa mkono wa shati, Nusu Inchi aliona mkono mmoja umezidi mwenzake.

"Hapa pana nini?"

"Mafuta tu, fundi. Mwaka wa pili sasa. Panakua polepole."

"Panakua?" Nusu Inchi alikaa chini. "Huenda ni mafuta kweli. Lakini wewe huna macho ya kuona ndani, na mimi sina. Uvimbe unaokua, au uliozidi ndimu, au ulio chini sana ndani ya nyama, au uliokatwa ukarudi, unapelekwa hospitali. Na mfupa unaouma siku nyingi hata umelala, nao vilevile. Wapige picha kwanza. Wachukue kipande wapime. Usimruhusu mtu aukate hivihivi."

"Na shati langu?"

"Utalikuta. Lete karatasi ya hospitali, nitakushonea."

Mwashi alinuna, lakini alikwenda. Yake ilikuwa mafuta tu. Alirudi na karatasi yake akiipunga kama mtu aliyefaulu mtihani, na Nusu Inchi alimshonea shati siku hiyohiyo, akamwachia nusu inchi.

Wiki iliyofuata binti alijifungua salama. Nusu Inchi alipanda ngazi za wodi ya wazazi kwa magongo yake, ngazi moja moja, akikataa kushikwa. Mjukuu alikuwa wa kike, amelala, amekunja ngumi. Mkewe alimsaidia kukaa, akamweka mtoto mikononi mwake.  Kila mtu alitazama mikono ya babu, kama itafunua miguu ya mtoto.

Hakuifunua. Alikuwa ameinama, anautazama uso.

"Mwangalie vizuri, baba," binti alisema kutoka kitandani. "Masikio hayo, yalivyochomoza hivyo, si ya baba yake. Ni yako matupu."

Nusu Inchi aliyagusa kwa ncha ya kidole, moja, kisha la pili. Machozi yalimdondoka, na tabasamu halikuondoka.

"Hayo nimempa," alisema. "Hayo nimempa kwa moyo mmoja."